Jinsi ya kutunga, kuimba na kurekodi taarabu ya kuwaenzi Tisa wa Ogoni: mwongozo kamili kwa vikundi vya Tanga

Tarehe 10 Novemba 1995, katika gereza la Port Harcourt nchini Nigeria, serikali ya kijeshi ya Jenerali Sani Abacha iliwanyonga watu tisa wa jamii ya Ogoni. Mmoja wao, Ken Saro-Wiwa, anajulikana dunia nzima. Wanane waliobaki, hata wanaharakati wa mazingira wengi hawawezi kuwataja. Mwongozo huu ni kwa kikundi cha taarabu, klabu ya shule, kwaya ya mtaa au msanii mmoja mmoja wa hapa Tanga anayetaka kutunga wimbo wa kuwaenzi wote tisa, kuufanyia mazoezi, kuupandisha jukwaani na kuurekodi.

Kwa nini Tanga? Kwa sababu tunaishi na mikoko, tunakula kamba na kaa wa humo, na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Habari za mafuta na ardhi si za watu wa mbali tena. Tena taarabu yetu ina ujuzi wa miaka mingi wa kusema jambo zito mbele ya watu bila kuvunja adabu, na jambo hili ni zito kweli.

Ninao msimamo mmoja na nitausimamia hadi mwisho: katika wimbo huu majina hayafumbwi. Lawama unaweza kuifumba, hasira unaweza kuipaka asali, lakini jina la aliyekufa kwa ajili ya kijiji chake liimbwe wazi, lote, kwa matamshi yake.

HATUA YA KWANZA: IJUE HABARI KABLA YA KUSHIKA KALAMU

Usitunge kwa kutegemea picha iliyopita kwenye simu. Kaeni kikundi kizima, mwimbaji, wapigaji na waitikiaji, mmoja asome na wengine wasikilize. Haya ndiyo ya lazima.

Ogoni ni eneo la takriban kilomita za mraba 1,000 katika Jimbo la Rivers, kwenye delta ya Mto Niger. Wenyewe ni wakulima na wavuvi, na wana lugha zao: Khana, Gokana, Tai na Eleme. Kampuni ya Shell ilianza kuchimba mafuta huko mwaka 1958, miaka miwili tu baada ya mafuta kugunduliwa Oloibiri, sehemu nyingine ya delta hiyo. Utajiri ukatoka, wenyeji wakabaki na gesi inayowaka usiku na mchana, mabomba yanayopita mashambani na mafuta yanayovuja kwenye mito.

Mwaka 1990 Waogoni walitoa Tamko la Haki za Ogoni, wakadai sauti katika mambo yao wenyewe, sehemu ya haki katika mapato ya mafuta yao na ulinzi wa ardhi yao. Mwaka huohuo ikaundwa MOSOP, yaani Harakati ya Kunusuru Watu wa Ogoni. Saro-Wiwa, mwandishi wa riwaya na mtayarishaji wa vichekesho vya runinga, akawa msemaji wake mkuu. Tarehe 4 Januari 1993 watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 waliandamana kwa amani, katika jamii yenye watu wapatao nusu milioni. Mwaka huo Shell ikasitisha uzalishaji Ogoni. Mpaka leo tarehe hiyo ya 4 Januari huadhimishwa kama Siku ya Ogoni.

Kisha jeshi likaingia vijijini. Tarehe 21 Mei 1994 viongozi wanne wa Ogoni waliokuwa na msimamo tofauti na wa uongozi wa MOSOP, yaani Edward Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage, waliuawa na kundi la watu huko Giokoo. Saro-Wiwa alikuwa amezuiwa na askari asifike huko siku hiyo, lakini yeye na wenzake walishtakiwa kwa vifo hivyo mbele ya mahakama maalumu ambayo hukumu yake haikuwa na rufaa. Mwishoni mwa Oktoba 1995 wakahukumiwa kifo. Siku chache baadaye wakanyongwa. Siku iliyofuata Jumuiya ya Madola ikaisimamisha Nigeria uanachama.

Msiwaruke wale viongozi wanne. Nao walikuwa Waogoni, nao wana wajane na watoto. Wimbo unaowaenzi tisa hauhitaji kuwadharau wanne, na mshereheshaji wenu akitaja vifo vyao kwa heshima kabla ya wimbo kuanza, hakuna atakayeweza kuwanyooshea kidole kwamba mmekata habari nusu.

Yaliyofuata nayo myajue, maana yatawasaidia kuchagua maneno. Mwaka 2009 Shell ililipa dola milioni 15.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa New York na familia za waliouawa, bila kukubali kosa. Esther Kiobel, mjane wa Barinem Kiobel, mmoja wa wale tisa, alifungua kesi yake mwenyewe. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mahakama za huko hazina mamlaka nayo. Akaihamishia Uholanzi, na mwaka 2022 mahakama ya The Hague ikaona ushahidi hautoshi. Tarehe 12 Juni 2025 Rais Bola Tinubu aliwatangazia tisa hao msamaha na nishani za taifa. Wengi wa upande wao walijibu kwamba asiyekosa hasamehewi, wanachodai ni hukumu ifutwe. Kwa hiyo msiimbe kwamba “wamesamehewa” kana kwamba ndiyo furaha ya mwisho. Neno hilo litawaumiza haohao mnaotaka kuwaheshimu.

HATUA YA PILI: CHAGUA UMBO

Zipo njia tatu zinazofaa hapa kwetu. Utenzi wa mizani nane unabeba habari ndefu, lakini unataka msikilizaji aliyetulia na msomaji mwenye sauti ya pekee. Ngoma ina nguvu, ila ngoma zetu nyingi za Tanga zimefungwa na furaha ya harusi na unyago, na kuzigeuza ziomboleze ni kazi ngumu. Mimi nachagua taarabu bila kusita.

Na ninamaanisha taarabu ya Tanga hasa. Vikundi kama Black Star na Lucky Star, ambavyo Shakila Said aliimba navyo, vilionyesha kwamba taarabu haihitaji okestra nzima ya fidla na ganuni: gitaa, besi, kinanda au kodiani, ngoma chache, na sauti ya mwanamke mbele. Umbo hilo dogo linafaa kwa sababu maneno yanasikika. Katika taarabu ya kisasa yenye besi ya kutikisa viti, jina kama Kpuinen litapotea kabla halijafika safu ya pili.

Mpango ninaopendekeza ni beti nne za mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, na kiitikio cha mishororo miwili. Ubeti wa kwanza uwe wa ardhi na maji, wa pili wa maandamano, wa tatu wa majina, wa nne wa wajane. Msiongeze wa tano. Kwa mwendo wa taratibu, beti nne na viitikio vyake zinatosha dakika nane au tisa, na baada ya hapo masikio yanachoka.

HATUA YA TATU: MAJINA TISA NA MIZANI

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watunzi wengi hukata tamaa na kuimba “mashujaa tisa” wakaishia hapo. Majina kamili ni haya: Ken Saro-Wiwa, Barinem Kiobel, John Kpuinen, Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbokoo, Paul Levura na Felix Nuate.

Majina yote mawili-mawili hayaenei kwenye ubeti mmoja. Chukueni la mwisho la kila mmoja, na mshereheshaji ayasome kamili kabla ya wimbo. Sasa hesabuni mizani. Saro-Wiwa ni nne. Kiobel ni tatu ukiishia kwenye “l”. Kpuinen ni tatu. Dobee, Eawo, Gbokoo, Levura na Nuate ni tatu-tatu kwa hesabu yetu ya kutamka kila irabu. Bera ni mbili. Jumla ni mizani ishirini na saba. Ubeti mzima una arobaini na nane. Kwa hiyo majina yanaenea na nafasi inabaki ya kupumua.

Tafuteni kwanza kina kinachotoka ndani ya majina yenyewe. Levura na Bera yote yanaishia na “ra”, basi hicho ndicho kina cha mwisho. Saro-Wiwa analeta “wa”, hicho kiwe cha kati. Ubeti huu nimeutunga kwa njia hiyo, mnaweza kuutumia kama ulivyo au kuuboresha:

Kiobel na Saro-Wiwa, Gbokoo naye Levura,
Nuate akauawa, kadhalika naye Bera,
Eawo, Dobee sawa, Kpuinen, tisa imara.

Hesabuni kwa vidole muone: Ki-o-bel-na-Sa-ro-Wi-wa, nane. Gbo-ko-o-na-ye-Le-vu-ra, nane. Katika mshororo wa tatu nimemtanguliza Eawo mbele ya Dobee kwa sababu ukisema “Dobee, Eawo” irabu nne zinagongana na mwimbaji anazimeza. “Sawa” hapo inabeba maana kwamba hakuna mkubwa wala mdogo kati yao, ndiyo maana Saro-Wiwa hakuwekwa kwenye mshororo wa peke yake. Najua mashabiki watataka yeye awe mbele. Kitanzi hakikuwabagua, na wimbo nao usiwabague.

Watunzi wetu wana uhuru wao: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kuligeuza. Katika maneno ya Kiswahili utumieni mpendavyo. Katika majina ya marehemu inkisari iwe marufuku. Kpuinen asigeuke “Puini”, Gbokoo asigeuke “Boko”. Hata mazida si salama: mwimbaji wa pwani akifika kwenye “Kiobel” ulimi wake utataka kuongeza irabu nyepesi mwishoni, na hapo pia ni bora kuizuia, kwa sababu ikiingia, nusu ya mshororo inakuwa na mizani tisa na mpiga ngoma anapotea.

Sauti za “kp” na “gb” zinahitaji mazoezi ya mdomo. Si “k” ikifuatwa na “p”. Midomo inafungwa na nyuma ya ulimi inagusa kaakaa kwa wakati mmoja, kisha vyote vinaachiwa kwa pamoja. Jaribuni taratibu bila muziki: gbo, gbo, gbo, kisha Gbokoo. Watoto hushika haraka kuliko watu wazima, na nimeona waitikiaji wakubwa wakifundishwa na wajukuu zao bila kuona haya. Kama mtampata Mnigeria anayetoka upande wa delta, msikilizeni yeye kuliko mimi, hata akiwaambia irabu mbili za Dobee ni moja iliyovutwa. Mvuto huo kwenye wimbo mtaupata kwa kurefusha noti, mizani haitavunjika.

HATUA YA NNE: BETI NYINGINE, NA MPAKA WA FUMBO

Kiitikio ndicho watu wataondoka nacho. Hapa fumbo linaruhusiwa:

Mikoko imekauka, na kamba amehamia,
Mwenye shamba atamka, wenye bomba wasikia?

Mikoko kukauka si pambo la shairi. Mwaka 2008 bomba lilivuja mara mbili huko Bodo, kijiji cha wavuvi katika Ogoni, na maelfu ya ekari za mikoko na hori zikaharibika. Mwaka 2015 Shell ilikubali kulipa pauni milioni 55 kwa watu wa Bodo. Mvuvi wa Chongoleani au Moa akiisikia mikoko iliyokauka, hahitaji kuelezwa ni hasara gani: ndimo kamba wanamozaliwa, ndimo kaa wanamojificha.

Neno “bomba” kwa Tanga litasikika kwa masikio mawili, na hilo mlijue mapema. Wapo watakaosema mnaimba ya Chongoleani. Mimi naliacha neno hilo palepale, kwa sababu msikilizaji wa taarabu ana haki ya kuchukua fumbo alipeleke anakotaka. Lakini mshereheshaji aseme wazi kwamba wimbo ni wa Ogoni na ni wa mwaka 1995. Mkitaka kuimba ya hapa, ya fidia na ya viwanja na ya bahari yetu, tungeni wimbo mwingine, mkawasikilize wahusika wenyewe, msitumie marehemu wa watu kama kifuniko.

Ubeti wa maandamano:

Laki tatu waandama, Januari siku nne,
Bila panga wala chuma, dunia nzima ione,
Haki yao waisema, nasi leo tuinene.

“Nne” ina mizani mbili, n-ne, na mwimbaji aiegemee ile “n” ya kwanza, la sivyo mshororo utakuwa mfupi. Mtu anaweza kuelewa kwamba ni siku nne za Januari badala ya tarehe nne. Utangulizi wa mshereheshaji utaliweka sawa.

Ubeti wa ardhi na maji ndio unaovuta watunzi kwenye chumvi. Mtunzi ataandika:

Mafuta yakamwagika, samaki wote wakafa

Mizani imetimia, lakini “samaki wote” hakuna aliyewahesabu. Msikilizaji mmoja mjuzi akilikamata hilo, ubeti wa majina nao atautilia shaka. Badilisheni nusu ya pili:

Mafuta yakamwagika, hori la Bodo lanuka

Sasa kuna mahali penye jina, na kuna kitu ambacho pua ya mtu iliweza kukishuhudia. Huo mshororo mmoja nawapa, miwili iliyobaki tungeni wenyewe kwa vina vya “ka”, kwa kutumia yaliyopimwa. Yapo mengi. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake ni hapo Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa Ogoni. Huko Nisisioken Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 ya kile kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Ripoti ilikadiria kwamba kusafisha na kurudisha mazingira kutachukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza dola bilioni moja za kuanzia.

Soma kwa makini hata hapo. Visima vile vya Ogale vilikuwa karibu na bomba la shirika la mafuta la taifa la Nigeria, si la Shell. UNEP pia iliandika juu ya uchafu unaotokana na wizi wa mafuta na mitambo ya kienyeji ya kuyasafisha. Mtunzi akitupa kila kisima kwa kampuni moja, anawapa wapinzani wa wimbo kazi nyepesi. Ukweli wa Ogoni unatosha kuumiza bila kusaidiwa. Imba kisima na maji yake, na lawama iache itembee yenyewe kwa kampuni, kwa serikali na kwa kila aliyeyaona akanyamaza.

Ubeti wa wajane waachieni wanawake wa kikundi watunge. Esther Kiobel alipeleka shauri lake mahakamani katika mabara mawili kwa miaka mingi, na akinamama wa Ngamiani wanaojua kukaa foleni mbele ya meza ya karani kwa mirathi watapata maneno ambayo mtunzi mwanamume hatayapata. Kazi yako ni kukagua mizani tu, basi.

Jambo moja la kukataa kabisa: msimlishe Saro-Wiwa maneno. Mitandaoni kuna semi nyingi zilizobandikwa jina lake, hasa za dakika zake za mwisho. Yeye mwenyewe aliacha maandishi mengi, na mashairi yake bado yana hakimiliki, kwa hiyo msiyachukue wala kuyatafsiri na kuyaimba bila ruhusa ya familia au wachapishaji. Tungeni yenu.

HATUA YA TANO: MUZIKI

Mwendo uwe wa taratibu, mapigo kama 72 hadi 80 kwa dakika. Mdundo wa bolero, ule wa taarabu za zamani, unafaa kuliko chakacha. Ki (ufunguo wa sauti) iwe ya maina (minor, yenye sauti ya huzuni), na ichaguliwe kwa sauti ya mwimbaji, si kwa urahisi wa mpiga kinanda. Akiimba juu sana atapiga kelele kwenye majina, na majina hayataki kelele.

Anzeni na bashraf fupi, yaani utangulizi wa vyombo bila maneno, kodiani au fidla ikiongoza. Msirefushe kuonyesha ufundi. Ubeti wa kwanza na wa pili vipigwe kwa kawaida, kiitikio kikiimbwa mara mbili kila baada ya ubeti. Kabla ya ubeti wa majina, gitaa na kinanda vinyamaze. Dumbaki lipige mapigo tisa yaliyoachana, bila pambo, kisha mwimbaji aanze akiwa na besi peke yake. Besi iguse noti moja tu mwanzoni mwa kila nusu ya mshororo. Waitikiaji warudie kila jina kwa sauti ya chini mara tu mwimbaji anapolitaja, ili aliyelikosa la kwanza alipate la pili. Mshororo wa mwisho ukifika kwenye “tisa imara”, vyombo vyote virudi kwa pamoja.

Mpiga ngoma ndiye wa kuangaliwa zaidi. Vijana wetu wamezoea kujaza kila nafasi, na hapa nafasi ndiyo kazi. Mwambieni kwa upole, tena mapema: “Kaka, ubeti wa tatu hatukuhitaji mpaka tukuite.” Akikubali, wimbo umepona.

HATUA YA SITA: MAZOEZI

Wiki ya kwanza msiguse vyombo. Someni maneno kwa sauti, kisha imbeni kwa makofi. Kila mwitikiaji aweze kuyasema majina tisa bila karatasi, kwa mpangilio wa ubeti. Wiki ya pili ongezeni besi na dumbaki, mengine yaje mwishoni. Mualikeni mzee mmoja aliyepiga taarabu enzi za vikundi vya zamani, mkamwamkie, mkae chini, mwache asikilize wimbo mzima kabla hajasema neno. Wazee hawa wana sikio la maneno. Atawaonyesha mshororo unaoteleza na mshororo unaokwaza, na hilo haliko kwenye kompyuta yoyote ya studio.

Mshereheshaji naye afanye mazoezi. Maneno yake yasizidi dakika tatu: Ogoni ni wapi, nini kilitokea 4 Januari 1993, viongozi wanne waliouawa Mei 1994, majina kamili ya tisa na tarehe waliyonyongwa. Ayaandike.

HATUA YA SABA: RUHUSA, UKUMBI NA TUZO

Kwa onyesho la hadhara anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Yeye atawaeleza vibali vinavyotakiwa kwa wakati huo, pamoja na usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa. Mkitaka uwanja wa wazi kama Tangamano, polisi nao wapewe taarifa mapema kwa maandishi. Mpelekeeni afisa huyo maneno ya wimbo yakiwa yamechapwa. Karatasi iliyo wazi inaondoa maswali mengi. Ukumbi wa ndani wenye viti mia moja au mia mbili ni bora kuliko uwanja, kwa sababu ya ule ubeti wa majina.

Tarehe zinazofaa ni 10 Novemba kwa maombolezo, au 4 Januari mkitaka kuienzi ile siku ya umoja wao. Mimi ningechagua Januari. Novemba inawakumbuka walivyokufa, Januari inawakumbuka walivyosimama.

Kuhusu kutunza: hapa kwetu wimbo ukimgusa mtu, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu mpaka mbele. Msikataze, maana huko ndiko kukubali kwa watu wetu. Lakini tangazeni mapema kwamba ubeti wa tatu watu wakae. Viitikio na ubeti wa nne ruksa. Pesa itakayopatikana semeni hadharani inakwenda wapi kabla haijaanza kudondoka. Kikundi kimoja kinaweza kununua miche ya mikoko kupitia kamati ya mazingira ya kijiji cha pwani, kingine kikalipia madaftari ya klabu ya shule. Mkiamua kujilipa nauli na vyombo, semeni pia. Si aibu, wapigaji wana watoto.

HATUA YA NANE: KUREKODI NA KUSAMBAZA

Studio ndogo inatosha. Rekodini sauti ya mwimbaji na waitikiaji kwa pamoja kwenye ubeti wa tatu, si mmoja mmoja, ili yale majibizano yawe hai. Mhandisi wa sauti akitaka kuongeza mwangwi mkubwa hapo, mkatalieni, unakula konsonanti. Simu nzuri kwenye ukumbi mtulivu nayo inafaa kwa video, ila maiki iwe karibu na mdomo na feni zizimwe.

Kabla ya kuiweka popote, isajilini kazi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kwa majina ya wote waliotunga, wakiwemo akinamama wa ubeti wa nne. Picha za Saro-Wiwa mtakazozikuta mtandaoni nyingi ni mali ya wapigapicha na mashirika ya habari, kwa hiyo tumieni picha zenu wenyewe: mikoko ya kwetu, nyuso za waimbaji, majina tisa yaliyoandikwa kwa mkono ubaoni.

Chini ya video andikeni maneno yote ya wimbo, majina kamili ya tisa kwa tahajia sahihi, na tafsiri nyepesi ya Kiingereza ili Mwogoni aliyeko Bori au Port Harcourt aelewe kilichoimbwa. Kisha watumieni MOSOP wenyewe. Wakiwajibu kwamba jina fulani mmelitamka vibaya, ulizeni lisemwe kwenye ujumbe wa sauti, lifanyieni mazoezi, mrudi studio kuurekodi upya ubeti wa tatu.